Maji, Chumvi na Sukari: Somo la Tiba na Fiqhi kuhusu Mfungaji Mwenye Kisukari

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, somo la toleo hili linagusa vitivo viwili. Wenzetu wa kitivo cha tiba wanasoma sodiamu, potasiamu, asidi na sukari ya damu, na namba zake wamezihifadhi. Sisi wa masomo ya Kiislamu tunasoma mlango wa swaumu na ruhusa za mgonjwa. Ramadhani ikifika, masomo yote mawili yanakutana kwa mtu mmoja: ndugu yetu mwenye kisukari, anayelala kitanda cha pili chumbani mwako hosteli. Yeye hana njia ya kuyatenganisha. Akikosea upande mmoja anaweza kupoteza uhai, na akikosea upande wa pili ana hofu ya kupoteza ibada.

Somo hili limeandikwa ili mwanafunzi wa tiba aione fiqhi ilipo katika jambo hili, na mwanafunzi wa fiqhi auelewe mwili unaozungumziwa katika hukumu. Halichukui nafasi ya daktari wa mgonjwa wala ya mufti wake.

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma, msomaji aweze:
1. Kueleza kazi ya sodiamu na potasiamu na viwango vyake vya kawaida.
2. Kueleza yanayotokea mwilini mwa mfungaji mwenye afya na mwilini mwa mfungaji asiye na insulini.
3. Kusoma majibu ya maabara ya mgonjwa aliyepatwa na asidi ya ketoni.
4. Kutaja nyakati ambazo mwenye kisukari analazimika kufungua.
5. Kutofautisha anayelipa siku na anayelisha maskini.

1. Mizani ya maji na chumvi

Katika Surat ar-Rahman Allah (s.w.) ametaja mizani pamoja na kuinuliwa kwa mbingu, na akatukataza kuivuruga. Anayesoma fiziolojia anaikuta mizani hiyo pia ndani ya ngozi yake.

Kiasi cha asilimia 60 ya uzito wa mwanamume mzima ni maji. Kwa mwanamke ni pungufu kidogo. Theluthi mbili ya maji hayo yamo ndani ya seli, na theluthi moja yako nje ya seli, yakiwemo ya kwenye damu. Ndani ya maji hayo zimeyeyuka chumvi zenye chaji ya umeme, ambazo wataalamu wanaziita elektrolaiti. Nje ya seli inatawala sodiamu, na ndani ya seli inatawala potasiamu. Viwango vya kawaida kwenye damu ya mtu mzima ni hivi:

- Sodiamu: milimoli 135 hadi 145 kwa lita
- Potasiamu: milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita
- Bikaboneti: milimoli 22 hadi 26 kwa lita
- pH ya damu: 7.35 hadi 7.45

Tazama nafasi ya potasiamu ilivyo finyu. Kiasi cha asilimia 98 ya potasiamu yote ya mwili imefichwa ndani ya seli, na hiyo tunayoipima kwenye damu ni mabaki tu. Anayeihamisha ni pampu iliyo kwenye ukuta wa kila seli: inatoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, usiku na mchana. Mdenmaki Jens Skou aliieleza mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo. Tofauti hiyo kati ya ndani na nje ya seli ndiyo inayowezesha neva kupeleka habari na moyo kupiga.

Kwa hiyo mizani hii ikivurugika, dalili zinaonekana kwenye ubongo, misuli na moyo:

*Sodiamu ikishuka*, maji yanaingia kwenye seli na ubongo unavimba: kichwa kinauma, mtu anachanganyikiwa, hatimaye degedege. *Ikipanda*, maji yanatoka kwenye seli na ubongo unasinyaa: kiu kali, usingizi mzito, kupoteza fahamu. Mwanafunzi wa tiba akumbuke kwamba sodiamu iliyoshuka kwa muda mrefu hairudishwi kwa pupa. Miongozo mingi inaweka ukomo wa kiasi cha milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24, kwa sababu kuipandisha haraka kunaweza kuharibu neva za shina la ubongo na kumwacha mgonjwa amepooza.

*Potasiamu ikishuka*, kwa mfano kwa kuharisha au kutapika sana, misuli inalegea, tumbo linafunga na mapigo ya moyo yanaenda ovyo. *Ikipanda*, kwa mfano figo zikishindwa kazi, kipimo cha ECG kinaonyesha mawimbi ya T yaliyochongoka, kisha QRS inapanuka, na moyo unaweza kusimama bila onyo. Hapo kinachotangulia ni kalsiamu ya mshipani ili kuukinga moyo, kisha insulini pamoja na glukosi ili potasiamu irudi ndani ya seli.

Shika sentensi hiyo ya mwisho: insulini inairudisha potasiamu ndani ya seli. Tutaihitaji mbele.

2. Mwili wa mfungaji, kutoka daku hadi futari

Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta tuna neema moja: muda wa kufunga haubadiliki sana mwaka hadi mwaka. Ni kiasi cha saa 13 na dakika kadhaa, iwe Ramadhani imeangukia Februari au Agosti.

Saa chache za mwanzo mwili unatumia chakula cha daku. Chakula kikiisha tumboni, insulini inashuka na homoni ya glukagoni inapanda. Ini linafungua ghala lake la glaikojeni, ambalo kwa mtu mzima lina kiasi cha gramu 70 hadi 100 za sukari, na kulilisha damu. Kadiri alasiri inavyosonga, ghala linapungua. Ini linaanza kutengeneza sukari mpya, na mafuta ya mwili yanaanza kuyeyushwa. Sehemu ya mafuta hayo inageuzwa kuwa ketoni, chakula cha akiba ambacho ubongo na misuli vinaweza kukitumia.

Kwa mwenye afya haya yote ni salama. Maji yanapungua kidogo, figo zinaubana mkojo kwa amri ya homoni ya ubongo, na aldosteroni inahifadhi sodiamu. Ketoni zinapanda kidogo tu. Kwa nini hazipandi zaidi? Kwa sababu hata mtu asipokula chochote, kongosho lake linaendelea kutoa insulini kidogo kidogo. Insulini hiyo ndogo ndiyo breki inayoyazuia mafuta yasiyeyuke yote kwa mpigo.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Watu wengi wanadhani insulini ni dawa ya chakula: umekula, unachoma sindano, hujala, huhitaji. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba insulini ni breki ya mwili unaofunga. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana breki hiyo isipokuwa ile anayojidunga.

3. Breki ikikosekana: asidi ya ketoni

Chukua kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza aliyeamua kufunga. Akajiambia, "Leo sili mchana, basi na insulini naiacha hadi futari." Nia yake ni njema. Mwili wake unafanya yafuatayo.

Kwanza, sukari iliyo kwenye damu haiingii kwenye misuli, kwa kuwa anayeufungua mlango hayupo. Ini, likidhani mwili una njaa, linamwaga sukari zaidi. Sukari inapanda ilhali hajala kitu.

Pili, sukari ikizidi kiasi cha 10 mmol kwa lita, yaani 180 mg/dl, figo zinashindwa kuirudisha yote na inatoka kwenye mkojo. Sukari haitoki peke yake. Inavuta maji, na maji yanavuta sodiamu na potasiamu. Mfungaji huyu anakojoa sana mchana wa Ramadhani na hana ruhusa ya kunywa kwa hesabu yake mwenyewe. Anakauka.

Tatu, mafuta yanayeyuka bila breki. Ketoni zinajaa kwenye damu, na ketoni hizo ni asidi. Bikaboneti inatumika kuzipoza hadi inakaribia kwisha. pH inashuka. Mapafu yanajaribu kusaidia kwa kutoa hewa ya kaboni, na ndiyo maana mgonjwa anapumua kwa nguvu na kwa kina kama aliyekimbia, na pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tumbo linauma, anatapika. Chumbani watu wanasema ni njaa ya swaumu, au vidonda vya tumbo, au malaria. Saa zinapita.

Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza kudungwa Januari 1922, hali hii ilikuwa ndiyo mwisho wa karibu kila mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Leo inatibika, lakini kwa sharti la kutambuliwa mapema.

4. Mfano wa kufanyia kazi

Mfano huu ni wa kubuni kwa ajili ya darsa. Mwanafunzi wa miaka 21, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, analetwa hospitali saa 11 jioni katika siku ya tatu ya Ramadhani. Ameacha insulini siku mbili. Majibu ya maabara:

- Sukari: 28 mmol kwa lita, sawa na 504 mg/dl
- Sodiamu: 130
- Potasiamu: 5.4
- Kloraidi: 95
- Bikaboneti: 10
- pH: 7.15
- Ketoni: nyingi

*Swali la kwanza: je, ana asidi ya ketoni?* Ndiyo. Sukari iko juu, pH iko chini ya 7.3, bikaboneti iko chini ya 18, na ketoni zipo. Tafuta pengo la chaji: sodiamu toa jumla ya kloraidi na bikaboneti. 130 − (95 + 10) = 25. Kawaida ni kama 8 hadi 12. Pengo lililobaki ni la asidi ambazo mashine haikuzihesabu, nazo ni ketoni.

*Swali la pili: je, sodiamu yake imeshuka kweli?* Sukari nyingi kwenye damu inayavuta maji kutoka ndani ya seli, na maji hayo yanaizimua sodiamu. Kanuni inayotumika sana ni kuongeza 1.6 kwa kila 100 mg/dl ya sukari iliyozidi 100. Zilizozidi ni 404, hivyo 4.04 × 1.6 ni takriban 6.5, na sodiamu iliyosahihishwa ni takriban 136.5. Hana upungufu halisi wa sodiamu ukilinganisha na maji. Akipelekewa chumvi kali kwa sababu ya ile 130, atadhurika.

*Swali la tatu, lenye mtego: potasiamu yake ni 5.4. Je, imezidi?* Kwenye damu, ndiyo. Mwilini, hapana. Ameipoteza kwenye mkojo na matapishi kwa siku mbili. Iliyobaki imetoka ndani ya seli kwa sababu insulini ya kuirudisha haipo, na sukari nyingi na asidi zimesaidia kuitoa. Damu inaonyesha wingi ilhali ghala ni tupu. Sasa kumbuka ile sentensi ya sehemu ya kwanza. Ukimpa insulini, potasiamu itakimbilia ndani ya seli, na ndani ya saa chache 5.4 inaweza kuwa 3.0, kisha pungufu zaidi, na moyo ukapoteza mpangilio wakati ndugu zake wanashukuru kwamba sukari imeshuka.

Ndiyo maana utaratibu wa matibabu una mpangilio wake:

1. Maji kwanza. Dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, kwa kasi katika saa za mwanzo, kwa uangalizi wa moyo na figo.
2. Potasiamu ipimwe kabla ya insulini. Ikiwa chini ya 3.3, au 3.5 kwa miongozo mipya, insulini inasubiri hadi potasiamu iongezwe. Ikiwa katikati, potasiamu inawekwa kwenye dripu sambamba na insulini. Ikiwa juu ya kiasi cha 5.0, insulini inaanza, potasiamu haiongezwi bado, na inapimwa tena kila baada ya saa mbili.
3. Insulini, kwa kawaida uniti 0.1 kwa kilo kwa saa, mshipani.
4. Sukari ikishuka chini ya 250 mg/dl, usisimamishe insulini. Ongeza glukosi kwenye dripu. Insulini inaendelea kwa sababu kazi yake hapa ni kuzizima ketoni. Kushuka kwa sukari peke yake si kupona.
5. Tafuta chanzo. Maambukizi? Malaria? Au kuacha insulini? Katika mfano wetu chanzo ni fahamu isiyo sahihi juu ya swaumu, na hicho nacho kinahitaji tiba, la sivyo mwakani atarudi.

Wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano wazingatie pia dawa mpya za kundi la SGLT2, zinazotoa sukari kwa mkojo. Anayezitumia akikaukiwa au akikosa insulini anaweza kupata asidi ya ketoni na sukari yake isiwe juu sana. Mashine ya sukari ikisema 11, usimwambie mgonjwa anayetapika kwamba yuko salama. Pima ketoni.

5. Upande wa pili: sukari ikishuka

Hatari ya pili ni kinyume chake. Aliyedunga dozi ileile ya siku za kawaida, au aliyekunywa vidonge vya kundi la sulfonilurea kama glibenklamidi, kisha akafunga, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi alasiri. Anatetemeka, anatoka jasho la baridi, moyo unakwenda mbio, anakuwa mkali bila sababu, ulimi unakuwa mzito. Asiyejua anadhani ndugu huyu ana hasira za njaa.

Utafiti wa EPIDIAR wa mwaka 2001, uliofanyika katika nchi 13 kwa watu zaidi ya 12,000 wenye kisukari, ulionyesha kwamba kushuka vibaya kwa sukari kuliongezeka katika Ramadhani karibu mara 4.7 kwa wenye aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Utafiti huohuo ulikuta kwamba asilimia 43 ya wenye aina ya kwanza na asilimia 79 ya wenye aina ya pili walifunga siku 15 au zaidi. Yaani watu wengi wenye ruhusa wanafunga. Kuwaambia tu "msifunge" hakutoshi. Wanahitaji kujua lini wafungue.

Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na jumuiya ya DAR, wa mwaka 2016 na 2021, umeweka mipaka iliyo wazi. Mfungaji afungue mara moja:

- sukari ikiwa chini ya 70 mg/dl, sawa na 3.9 mmol kwa lita;
- sukari ikiwa juu ya 300 mg/dl, sawa na 16.7 mmol kwa lita;
- akiona dalili za sukari kushuka au kupanda, za kukaukiwa, au akiugua ghafla.

Sukari ikishuka na mtu ana fahamu, mpe gramu 15 hadi 20 za sukari: vijiko vya chai vitatu au vinne kwenye glasi ya maji. Pima tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu, usimmiminie kitu kinywani, maana kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

6. Hukumu za mgonjwa katika swaumu

Sasa tugeukie fiqhi. Aya ya 184 na ya 185 za Surat al-Baqara zimempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na ile ya pili ikabainisha kwamba Allah anatutakia wepesi na hatutakii uzito. Ruhusa hii imo ndani ya aya zilezile zilizofaradhisha swaumu. Anayeitumia anatii amri ileile anayoitii mfungaji.

*Ugonjwa gani?* Ibn Qudama katika al-Mughni ameeleza kuwa unaoruhusu kula ni ule mkali ambao unazidi kwa kufunga, au unahofiwa kuchelewa kupona. An-Nawawi katika al-Majmu' ameeleza kwa madhehebu yetu ya Shafii kwamba maumivu madogo yasiyo na mashaka ya wazi hayatoshi. Kwa hiyo tunaweza kupanga daraja tatu: asiyedhurika kwa kufunga, huyu anafunga, anayepata mashaka ya wazi au ugonjwa kuzidi, huyu ana ruhusa ya kula, na anayehofiwa kufa au kupoteza kiungo, huyu kula kwake ni wajibu, na kufunga ni kujitia kwenye maangamizi ambayo Qur'ani imeyakataza.

*Nani anaamua daraja?* Uzoefu wa mgonjwa mwenyewe na kauli ya daktari mjuzi na mwaminifu. Wanazuoni wa zamani walimshurutisha awe Mwislamu mwadilifu. Wengi wa zama hizi wanatazama ujuzi na uaminifu. Na hapa mwanafunzi wa tiba ajue uzito wa neno lake: akisema "unaweza kufunga" au "usifunge", fatwa inasimama juu ya kauli yake.

*Analipa au analisha?* Ambaye hali yake inatarajiwa kutulia, kwa mfano mwenye aina ya pili ambaye dawa zake zinarekebishwa, atalipa siku baadaye. Ambaye hatari yake ni ya kudumu na haitarajiwi kuondoka, atatoa fidia: kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Kwa Mashafii kipimo ni mudi moja ya chakula kinacholiwa zaidi mahali hapo. Kwetu ni mchele au unga wa posho. Wengi wanaikadiria mudi kati ya nusu kilo na robo tatu ya kilo.

*Je, kupima na kudunga kunafunguza?* Kutoboa kidole kwa tone la damu hakufunguzi kwa kauli ya wengi wa wanazuoni wa zama hizi. Ama sindano, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997 lilipitisha kwamba sindano za matibabu za kwenye ngozi, msuli au mshipa hazibatilishi swaumu, isipokuwa maji na sindano za lishe. Basi insulini haifunguzi. Dripu ya glukosi inafunguza, lakini anayehitaji dripu hiyo tayari ruhusa anayo.

*Aliyefungua mchana kwa udhuru* hawajibiki, kwa madhehebu ya Shafii, kujizuia saa zilizobaki. Ni adabu asile hadharani. Lakini adabu hiyo isigeuke kujificha kwa wenzake wa chumba, kwa sababu sukari ikimshinda ndio watakaomwokoa.

Na hapa tuikumbuke hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.) kuhusu mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini. Alipolazimika kuoga aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaioni ruhusa hiyo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu vikali, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akafundisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Waliomjibu walikuwa maswahaba, na hawakumtakia mabaya. Pamoja na hayo, jibu lisilo na elimu lilimtoa mtu roho. Anayemwambia mwenye kisukari "wewe jikaze tu, Allah atakusaidia" aipime kauli yake kwa hadithi hii.

7. Kauli zinazosikika hosteli

*"Kunywa ORS daku, hutasikia kiu."* ORS ni dawa ya anayeharisha. Kila pakiti ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi, kwa sababu utumbo unaipokea sodiamu vizuri zaidi ikiambatana na glukosi. Imeokoa watoto wengi mno duniani. Mfungaji mwenye afya haihitaji, na mwenye kisukari au shinikizo la damu asiinywe bila sababu.

*"Maliza lita tatu za maji kabla ya adhana."* Figo zenye afya zinatoa kiasi cha lita moja kwa saa, yaliyozidi yanaizimua sodiamu. Kunywa kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku.

*"Tende na matoke havina madhara kwa yeyote."* Kwa mwenye figo nzima ni neema. Vyote viwili vina potasiamu nyingi, na mwenye figo zilizoshindwa aulize kiasi chake kwanza. Yeye sunna ya tende anaitimiza kwa punje moja, au afuturu kwa maji.

8. Wajibu wa jumuiya yetu

Mwongozo tulioutaja unashauri mgonjwa amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani, yaani kuanzia mwezi wa Rajabu. Hapo dozi zinapangwa upya. Insulini ya msingi inaweza kupunguzwa na kuhamishiwa wakati wa futari, lakini kwa mwenye aina ya kwanza haiachwi. Kwa hiyo kamati zetu zianze Rajabu, zisisubiri mwezi uandame. Darsa moja la pamoja kati ya kitivo cha tiba na idara ya masomo ya Kiislamu linatosha. Kamati ya futari iwe na mashine moja ya kupima sukari na mtu anayejua kuitumia. Na fidia za ndugu zetu wasioweza kufunga zikusanywe kwa heshima, bila majina kusomwa msikitini.

Maswali ya kujipima na kujadili

1. Kwa nini mwenye kisukari cha aina ya kwanza anahitaji insulini hata siku asiyokula?
2. Mgonjwa wa asidi ya ketoni ana potasiamu 3.1. Utaanza na nini, na kwa nini?
3. Hesabu pengo la chaji: sodiamu 134, kloraidi 100, bikaboneti 12.
4. Saa 12 jioni, karibu saa moja kabla ya magharibi, mashine inasoma 62 mg/dl na mfungaji anasema anajisikia vizuri. Mwambie nini kitabibu, na nini kifiqhi?
5. Ndugu yako mwenye aina ya kwanza amefunga miaka mitatu bila tatizo. Je, hilo linatosha kuwa dalili ya usalama wake mwaka huu? Jadili kwa kutumia sehemu ya 5 na ya 6.

Tunamwomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, azikubali swaumu za waliofunga na fidia za waliopewa ruhusa, na atupe elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.